Ngano, Plau na Mikunde: Namna ya Kupanga Ulimaji, Mbolea na Mzunguko wa Mazao kwa Pamoja

Mkulima wa ngano anapoamua kuliacha plau, mara nyingi kinachomsukuma ni bei ya dizeli kuliko hali ya udongo. Anapunguza safari za trekta, anapanda juu ya mabua ya msimu uliopita, anaweka mbolea ileile aliyozoea, na ikifika wiki ya tano ngano yake imegeuka manjano. Msimu unaofuata plau hurudi shambani, na majirani huambiwa kwamba kilimo bila kulima ni hadithi za semina. Nimeyaona hayo kwa wengine, na mwaka mmoja nimeyafanya mwenyewe. Kosa huwa ni moja: ulimaji, mbolea na mikunde ni uamuzi mmoja wenye sehemu tatu, na anayebadilisha sehemu moja bila kuzigusa nyingine hulipia kwenye mavuno.

Maelezo haya yanalenga nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, yaani Karatu, Monduli, Hanang na Kilimanjaro Magharibi, pamoja na maeneo ya Kenya yanayolima ngano kwa kutegemea mvua, kama Narok, Uasin Gishu na Timau. Vipimo ni kwa ekari moja, na mfuko wa mbolea ninaoutaja ni wa kilo 50.

Kagua udongo kabla ya kuacha plau

Siku mbili baada ya mvua kubwa, chukua nondo nyembamba iliyochongwa ncha, nenda katikati ya shamba, uisukume ardhini kwa uzito wa mwili wako bila kuigonga. Katika shamba lililolimwa kwa plau la diski miaka mingi, nondo itazama kirahisi kwenye sentimita 15 au 20 za juu, kisha itagoma ghafla. Sogea hatua kumi ujaribu tena; ikigoma kwa kina kilekile, umelipata tabaka gumu lililotengenezwa na diski zilizopita kina kimoja kila mwaka na magurudumu ya trekta yaliyobana udongo ukiwa umelowa. Chimba hapo kwa sepeto na utazame mizizi ya ngano ya zamani: utaikuta imeshuka wima, ikafika kwenye tabaka, ikapinda na kulala upande. Ngano ya namna hiyo hunyauka wiki mbili tu baada ya mvua kukatika, huku maji yakiwa yamebaki chini yake.

Tabaka hilo halitaondoka kwa sababu tu umeacha kulima. Ni lazima livunjwe kwa ripa, chombo cha trekta chenye meno marefu ya kupasua udongo, na lazima udongo uwe mkavu wakati wa kazi hiyo ili upasuke, kwa sababu ripa ikipita kwenye udongo wenye unyevu hukata mfereji laini na kuacha kuta zake zimebanwa vilevile. Kazi hii hufanywa mara moja, baada ya mavuno, katikati ya kiangazi.

Jambo la pili la kumaliza mapema ni tindikali. Peleka sampuli za udongo maabara, na kipimo cha pH kikiwa chini ya 5.5, kama ilivyo kwa mashamba mengi ya Uasin Gishu, weka chokaa ya kilimo kwa kiasi utakachoelekezwa na majibu ya maabara. Kwenye udongo wa tindikali kali, aluminiamu huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, fosforasi hukamatwa na madini ya chuma na aluminiamu kabla mmea haujaipata, na bakteria wa mikunde, wanaoitegea mimea hiyo naitrojeni ya hewani, hushindwa kufanya kazi. Chokaa hushuka polepole mno ikimwagwa juu ya ardhi, kwa hiyo inapaswa kuchanganywa na udongo wakati plau au haro bado ipo kazini. Anayeacha kulima kwanza na kukumbuka chokaa miaka mitatu baadaye atalazimika kuvuruga kila kitu upya. Ndiyo maana huwa nasema kwamba ulimaji wa mwisho ndio unaohitaji akili kuliko yote.

Plau linakupa nini, na linakudai nini

Plau lina faida zake, na mkulima anayelipenda si mjinga. Linafukia magugu, linalainisha kitalu cha mbegu, na linaingiza hewa inayowaamsha vijidudu wa udongo ili wale mboji na kuachia naitrojeni. Ule ukijani wa ngano baada ya kukatua ardhi vizuri ni wa kweli. Ila naitrojeni hiyo ni mkopo unaotoka kwenye akiba ya mboji, na akiba isiporudishwa, kila mwaka shamba litadai mbolea zaidi ili kutoa magunia yaleyale. Udongo uliopoteza mboji hupigwa na matone ya mvua ukafanya gamba juu, maji hayaingii, na yale yasiyoingia huteremka na udongo. Hanang, ambako mashamba makubwa ya ngano ya serikali yalifunguliwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970 na 1980, mmomonyoko ulikuwa miongoni mwa matatizo yaliyolazimu watu kufikiria upya namna ya kulima maeneo makubwa ya wazi kwa mashine nzito. (Habari ya malisho ya Wabarabaig, wafugaji wa huko, yaliyochukuliwa kwa ajili ya mashamba hayo ni ndefu na ina uchungu wake, hapa nazungumzia udongo tu.)

Kuacha plau peke yake hakuongezi mavuno. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliounganisha tafiti 610 kutoka sehemu nyingi za dunia, ulionyesha kwamba kwa wastani mavuno hushuka pale watu wanapoacha kulima bila kufanya jambo jingine lolote. Mahali ambapo njia hiyo ilifanya vizuri ni kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua, endapo mkulima aliacha mabaki ya mazao shambani na kubadilisha mazao. Mahitaji hayo yanaelezea hali ya Narok na Karatu barabara, lakini lazima yatimizwe yote kwa pamoja. Shamba lisilolimwa na lisilo na mabua juu yake ni baya kuliko lililolimwa, kwa sababu linashika gamba na hakuna kitu cha kulivunja.

Kuhusu mabua, niseme wazi kwamba adui mkubwa kwetu ni mifugo. Baada ya mavuno, ng'ombe na mbuzi huingia shambani kwa desturi ya tangu zamani, nao huondoka na kifuniko chako chote na kukuachia ardhi iliyokanyagwa. Ua wa miiba hausaidii sana. Kilichonifaa mimi ni kukubaliana na wafugaji jirani mapema, kabla ya kuvuna: sehemu fulani ya shamba wanalishia, sehemu nyingine hawaigusi, na mwaka unaofuata tunabadilishana. Sehemu ile isiyoguswa ndiyo ninayoipanda bila kulima. Ukitaka theluthi moja tu ya ardhi ifunikwe wakati wa kupanda, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachokubalika katika kilimo hifadhi, yaani kilimo cha kupunguza kulima na kuifunika ardhi, makubaliano ya namna hii yanatosha.

Magugu nayo yanahitaji mpango. Badala ya plau, utapulizia dawa ya kuua magugu kabla ya kupanda, na inafanya kazi vizuri pale magugu yanapokuwa mabichi na yanakua, wiki moja au mbili baada ya mvua za kwanza. Ukipulizia magugu yaliyosinyaa kwa kiangazi au yaliyojaa vumbi, umemwaga fedha.

Hesabu ya naitrojeni, kuanzia kwenye mabua

Mwaka wa kwanza nilipoacha plau, nilivuna kwa kombaini ya kukodi isiyokuwa na kitawanya mabua. Iliyamwaga nyuma yake katika mistari mirefu, nami sikujali. Msimu uliofuata ngano ilipofika urefu wa kiganja, ungesimama kilimani ukaona mistari ya manjano imenyooka ikifuata njia ileile ya kombaini, na kati yake ngano ya kijani. Ilikuwa mbegu moja, mbolea moja na siku moja ya kupanda. Tofauti ilikuwa mabua.

Sababu yake inahesabika. Tani moja ya mabua ya ngano ina takriban kilo 400 za kaboni na kilo 5 tu za naitrojeni. Vijidudu wanaoyaozesha wanahitaji sehemu moja ya naitrojeni kwa kila sehemu 24 hivi za kaboni, yaani karibu kilo 16 au 17. Pengo ni kilo 11, na vijidudu hawasubiri kuletewa. Wanazichukua kwenye udongo, mbele ya mizizi ya ngano yako. Kilo 11 ni karibu nusu ya naitrojeni iliyomo kwenye mfuko mmoja wa urea. Mabua yaliyofukiwa na plau hudai deni hilo kwa haraka, na yaliyolala juu ya ardhi hulidai polepole, ila yakirundikana mstari mmoja, athari huonekana kwa macho. Naitrojeni hiyo haipotei. Itarudi vijidudu watakapokufa, lakini pengine ngano itakuwa imekwisha kutoa masuke. Ndiyo sababu jambo la kwanza la kuuliza unapokodi kombaini ni kama ina kitawanya mabua kinachofanya kazi.

Sasa tuweke malengo. Tuseme unataka tani 1.2 za ngano kwa ekari, yaani magunia kama 13 ya kilo 90. Nafaka yenye protini ya asilimia 12 hubeba takriban kilo 21 za naitrojeni kwa kila tani, kwa hiyo kilo 25 zitatoka shambani ndani ya magunia. Mfuko mmoja wa DAP, mbolea ya kupandia, una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti, yaani fosforasi kama inavyopimwa kwenye mbolea. Mfuko mmoja wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko mmoja wa kila aina unakupa kilo 32, na kwa kuwa ngano haipati yote unayoiweka, huku udongo nao ukichangia kiasi chake, hiki ni kiwango cha kuanzia kwa ngano inayofuata ngano kwenye shamba linalolimwa. Mwaka wa kwanza na wa pili wa kuacha plau, ongeza karibu nusu mfuko wa urea, kwa sababu ule mkopo wa mboji umeufunga mwenyewe. Kuanzia mwaka wa nne au wa tano, kama mabua yamebaki shambani kweli, nyongeza hiyo huwa haihitajiki tena.

Mbolea ya kupandia iwekwe na mashine kwenye mstari, pembeni na chini kidogo ya mbegu. Fosforasi haitembei kwenye udongo, na katika shamba lisilolimwa hujikusanya sentimita chache za juu ambazo hukauka kwanza. DAP kidogo ikigusana na mbegu kwenye udongo wenye unyevu hustahimilika, lakini urea isikaribie mbegu kabisa, maana amonia yake huunguza chipukizi. Fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, huyeyuka vizuri penye tindikali na huchelewa sana pasipo na tindikali. Mwenye pH ya 7 asiitegemee kwa msimu wa kwanza.

Mbolea ya kukuzia huwekwa ngano inapoanza kutoa machipukizi, na isichelewe kupita wakati shina linapoanza kurefuka. Urea iliyomwagwa juu ya mabua makavu jua likiwaka hupotea hewani kama amonia. Utainusa ukipita asubuhi ya pili. Iweke mawingu yanapokusanyika, au tumia CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, yenye naitrojeni pungufu kwa mfuko kuliko urea lakini isiyopotea kirahisi namna hiyo. Usijaribu kufidia kila tatizo kwa kuongeza mbolea: ngano iliyoshiba naitrojeni kupita kiasi hulala kwa upepo, na majani yake mazito huhifadhi unyevu unaopendwa na ugonjwa wa kutu.

Mikunde: chagua kwa kuangalia mizizi, siyo bei peke yake

Watu husema mikunde huongeza mbolea shambani, na wengine hupanda maharage ya kawaida, huyang'oa na mizizi yake, huyabeba hadi nyumbani kuyapiga, hulisha ng'ombe maganda na majani, kisha hushangaa ngano haikubadilika. Hebu fuata safari ya naitrojeni hapo. Maharage ya kawaida ni mvivu wa kutega naitrojeni ya hewani akilinganishwa na mikunde mingine. Kiasi alichokitega kimeingia zaidi kwenye punje, na punje zimeuzwa. Kilichobaki kimeng'olewa na kupelekwa zizini. Shamba halikubakiwa na kitu, na wakati mwingine limepunguziwa. Soya nayo, ingawa hutega nyingi, huibeba karibu yote kwenye punje.

Ngwara ni habari nyingine. Inastahimili ukame, inatambaa na kufunika ardhi, inadondosha majani mengi, na soko lake lipo kwa sababu Kenya wanaila kwa jina la njahi na kuinunua kutoka kwetu. Mbaazi hushusha mzizi mrefu unaopenya penye nyufa za tabaka gumu na humwaga majani yake shambani kabla ya kuvunwa, ila hukaa shambani miezi mingi na kunywa maji ya chini, hivyo penye mvua haba ngano inayoifuata yaweza kukuta kisima kitupu. Dengu hufaa udongo mweusi wa mfinyanzi unaotunza unyevu, na njegere hufaa nyanda za baridi kama Timau, tena huvunwa mapema na kuacha muda wa kuandaa shamba.

Ili ujue kama mikunde yako inafanya kazi, ichunguze ikianza kutoa maua. Chimba mmea mzima kwa sepeto, usiuvute, kwa sababu vinundu, yale mavimbe madogo ya mizizi wanamoishi bakteria, hubaki ardhini. Tikisa udongo taratibu majini, kisha chukua kinundu kikubwa karibu na shina na ukipasue kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi kama nyama mbichi, bakteria wanatega naitrojeni. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kitu. Ukikuta vinundu vichache au hakuna, sababu huwa tindikali, ukosefu wa fosforasi, mbolea ya naitrojeni iliyowekwa kwa wingi hata mmea ukaona hakuna haja ya kujisumbua, au ukosefu wa bakteria wanaofaa, jambo la kawaida kwa soya kwenye shamba lisilowahi kuiona. Kwa sababu hiyo mikunde ipewe fosforasi ya kutosha na isipewe urea; TSP, mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni, inatosha.

Wakati wa kuvuna, kata mashina usawa wa ardhi na uiache mizizi. Ukiweza, piga mavuno palepale shambani juu ya turubai na urudishe maganda. Ukitimiza hayo kwa ngwara iliyostawi, mimi huhesabu kilo 10 hivi za naitrojeni kwa ekari kwa ngano inayofuata, na kupunguza kama nusu ya mfuko wa urea. Kwa maharage yaliyong'olewa sipunguzi hata kijiko.

Lakini naitrojeni si faida pekee, na penye mbolea ya kutosha si faida kubwa kuliko zote. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, kuna shamba liitwalo Broadbalk ambalo limepandwa ngano tangu mwaka 1843. Mwaka 1968 sehemu zake ziliingizwa kwenye mzunguko wa mazao, na ngano ya kwanza baada ya zao jingine imekuwa ikiishinda ile inayofuata ngano, hata pale zote zinapopewa mbolea nyingi. Sababu kubwa ni magonjwa ya mizizi na ya mabaki, ambayo hukosa chakula zao likibadilika. Mikunde pia inakupa nafasi ya kuua shayiri mwitu na majani mengine ya jamii ya nyasi kwa dawa ambazo zingeiua ngano. Usitarajie kwamba itazuia kutu: mbegu za kutu husafiri na upepo kutoka shamba hadi shamba na nchi hadi nchi, kama aina ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998 ilivyofanya, na kinga yake ni aina ya ngano inayostahimili na ukaguzi wa kila wiki.

Tahadhari moja niliyoilipia. Baadhi ya dawa za magugu ya majani mapana zinazotumika kwenye ngano hubaki kwenye udongo kwa miezi, hasa udongo usio na tindikali na msimu ukiwa mkavu. Nilipanda ngwara kwenye shamba la namna hiyo. Iliota vizuri, ikafika majani mawili, ikasimama hapo mwezi mzima kama iliyopigwa picha. Tangu siku hiyo nasoma kibandiko cha dawa sehemu inayoeleza zao linaloruhusiwa kufuata, kabla ya kununua.

Kuanza, na kupima

Usigeuze shamba lote kwa mwaka mmoja. Tenga ekari chache, zivunje tabaka gumu na uzitie chokaa ikihitajika, kisha panda mikunde kwanza kwenye ardhi hiyo. Ngano ya kwanza bila kulima ipandwe juu ya mabaki ya mikunde, siyo juu ya mabua ya ngano, kwa sababu mabaki ya mikunde huoza upesi na hayaibi naitrojeni, mashine hupenya kirahisi, na magugu ya nyasi yatakuwa yamepungua. Ngano ya pili ndiyo itakayopandwa juu ya mabua, na hiyo ndiyo itakayohitaji nyongeza ya urea. Baada yake rudi kwenye mikunde, na ikiwezekana isiwe ileile.

Siku ya kupanda ngano, acha ukanda mmoja wenye upana wa mashine, ukate shamba lote, uupe urea mara mbili ya kiwango chako. Machipukizi yakianza kutoka, simama mahali palipoinuka utazame. Ukanda ule ukionekana wazi kuwa wa kijani zaidi, shamba lina njaa na mbolea ya kukuzia iwekwe yote uliyoipanga. Ukishindwa kuupambanua na sehemu nyingine ya shamba, udongo na mikunde vinatosheleza kwa sasa, na unaweza kuanza na nusu. Acha pia ukanda mmoja uliolimwa kwa plau katikati ya shamba lisilolimwa. Ikifika mavuno, mwombe dereva wa kombaini avune kila ukanda peke yake, upime kila gunia kwa mizani, uandike kwenye daftari pamoja na lita za dizeli zilizotumika, na uamuzi wa msimu ujao uutoe kwenye daftari hilo.